Uliza Shangazi: Nimekosa siku zangu wiki tatu sasa, nianzie wapi?

Shikamoo shangazi. Mi ni binti wa miaka 23 nauza mitumba soko la Chuno hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho nilikua na mwanaume dereva wa fuso, alikua anashusha mzigo toka Newala, tukapendana, sasa msimu umeisha kaondoka na namba yake haipatikani na mi siku zangu nimezikosa wiki tatu hizi. Nakaa kwa mama mdogo ana watoto wake wanne siwezi hata kumwambia. Rafiki yangu mmoja kasema kuna dawa inaitwa miso inauzwa kimyakimya, mwingine anasema ninywe muarobaini mkali na blu ya kufulia itatoka yenyewe bila hela. Naomba uniambie ukweli usinihukumu, njia za kutoa mimba ni zipi, zina hatari gani, na mtu unaanzia wapi. Nisipoelewa ntafanya chochote.
Binti wa Chuno

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu na ile sentensi ya mwisho ndo imefanya leo nafasi kubwa ya ukurasa niichukue kwa ajili yako. Usifanye chochote leo wala kesho. Nimekua mkunga na nesi wa wodi ya wanawake huku kusini miaka mingi kabla sijastaafu, na nakwambia siku mbili tatu za kuuliza hazikuharibii kitu ila usiku mmoja wa kunywa kitu usichokijua unaweza ukaharibu vyote.

Tuanze na mahesabu maana hapo ndo wengi wanapoteleza. Umri wa mimba hauhesabiwi toka siku uliyolala na mwanaume wala toka siku uliyoona hedhi haijaja, unahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kwahiyo we unajiona una mimba ya wiki tatu kumbe, kama ipo na kama mzunguko wako ni wa siku 28, ni ya wiki 7. Hiyo tofauti ya mwezi mzima sio ndogo kwasababu karibu kila kitu ntakachoandika hapa chini kinabadilika kadri wiki zinavyosogea. Kama tarehe huikumbuki tafuta tukio, ilikua kabla ya mnada wa mwisho au baada, ulikua umeshalipa pango la meza au bado, utaipata tu.

Na nimesema "kama ipo" makusudi. Kuna wadada wamekunywa madudu kutoa mimba ambayo haikuwepo, hedhi ilichelewa kwa mawazo, au kwa sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu inaweza ikakata damu kabisa. Kipimo cha mkojo kipo duka la dawa lolote na bei yake ndogo, pima na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwa wiki tatu ulizokosa kitakupa jibu la uhakika.

Kipimo kikisema ipo, bado hakijakwambia iko wapi. Hapa naomba unisikilize sana. Mimba inaweza ikatunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, na hiyo haikui ikawa mtoto, inakua mpaka mrija unapasuka damu inamwagikia tumboni. Dalili zake ni maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, damu kidogokidogo nyeusi, kizunguzungu, na maumivu juu ya bega ambayo watu wanadhani wamelalia vibaya. Dawa za kutoa mimba haziigusi mimba ya nje ya kizazi. Mtu anameza, anaona damu kidogo, anajua imetoka, wiki ijayo anaanguka sokoni. Ndo maana mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aanzie kwenye ultrasaundi, na hiyo utafanyiwa ukisema tu "nimekosa siku zangu nataka kujua mimba iko wapi na ina wiki ngapi", huna haja ya kueleza mengine kama hujawa tayari. Kwa hapo Mtwara mjini kuna Ligula, na kuna hospitali ya kanda kule Mitengo.

Sasa sheria, maana sitaki uje ukute mambo usiyoyajua. Tanzania kutoa mimba ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 mpaka 152. Anayemtoa mwenzie miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, anayetoa vifaa au dawa akijua ni vya kazi hiyo miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, kwahiyo mwenye mimba iliyotunga nje, mwenye moyo mbovu, mwenye presha ya mimba iliyofika pabaya, hao hospitali inawashughulikia na hakuna anayevunja sheria. Nchi yetu pia iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, inayosema mwanamke aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu, au ambaye mimba inahatarisha afya yake aruhusiwe, ila hilo halijaingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu mpaka leo. Mi naona ni pengo na limeshatugharimu wasichana, lakini we unaishi na sheria iliyopo sio ninayoitamani mimi.

Kuna kipande kimoja cha mambo haya ambacho hakina utata wowote, na nataka ukishike. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika au imetoka nusu ni halali, ni huduma ya serikali, inatolewa na manesi na madaktari waliofundishwa kazi hiyo, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Ntarudi hapo.

Umeuliza njia. Kitabibu, nchi ambazo sheria inaruhusu wanatumia njia mbili kubwa. Ya kwanza ni vidonge. Kuna mifepristoni, hii inazuia homoni inayoishikilia mimba, alafu baada ya siku moja au mbili inafuata misoprostoli, ndo hiyo mnaiita miso, inabana kizazi na kulegeza mlango wake mpaka kilichomo kinatoka. Vyote vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka 2005. Vikitumika pamoja, kwa dozi sahihi, mimba ikiwa changa chini ya wiki 10, kati ya wanawake 100 zaidi ya 95 inatoka yote bila kuhitaji kusafishwa. Tumbo linakata kweli, damu inakua nyingi kuliko hedhi na inakuja na mabonge, kutetemeka na homa ya masaa machache ni kawaida, alafu matone yanaendelea wiki moja mpaka mbili. Miso yenyewe ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo, na kwetu inatumika wodini kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua na kumalizia mimba iliyoharibika, kwahiyo sio sumu kama wengine wanavyotisha watu. Ubaya uko kwenye hiyo "kimyakimya" ya rafiki yako. Hujui kama ni yenyewe, hujui imekaa wapi na joto la huku, aliyekuuzia hakujui wiki zako wala hajui mimba iko wapi, na dozi ya wiki 7 sio ya wiki 16, kizazi kikubwa au kile kilichowahi kupasuliwa kinaweza kikachanika. Dozi siandiki hapa maana gazeti haliwezi kukupima.

Njia ya pili ni kunyonya kwa pampu ya mkono, hii ndo watu wanaita kusafishwa. Mpaka wiki 14 inafaa, unapewa dawa ya maumivu, kazi yenyewe ni dakika tano mpaka kumi na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kile kikwanguo cha chuma cha zamani Shirika la Afya linasema kiachwe kwasababu kinaumiza zaidi na kinaweza kutoboa kizazi au kuacha makovu. Wiki zikishazidi 14 mambo yanakua makubwa, inatakiwa hospitali yenye damu ya kuongezea na mtu wa upasuaji, hapo hata nchi tajiri hawafanyii mezani kwa mtu.

Hatari ya njia hizo mikononi mwa mtu aliyefundishwa, mapema, ni ndogo. Hatari ya njia za mtaani ni kitu kingine kabisa, usiziweke kwenye mzani mmoja. Muarobaini mwingi, blu, sabuni ya unga, majivu, vidonge vya malaria vya kukusanya, vyote vinafanya kazi kwa mtindo mmoja, vinakutia wewe sumu kwa matumaini kwamba mimba itakufa kabla yako, na mara nyingi mimba inabaki, ini na figo ndo vinakwenda. Vijiti na waya vinatoboa. Kizazi hakioni mchana, anayeingiza kijiti anaingiza gizani, kikipita kinakutana na utumbo, na kijiti cha shambani kinaweza kubeba pepopunda.

Mwaka 2004 nikiwa hospitali moja ya huku kusini aliletwa binti wa rika lako amefunikwa kitenge kichwani. Alichokonolewa na kijiti cha muhogo na mama mmoja wa mtaani. Alianza homa siku ya pili, lakini shangazi yake alimficha ndani siku nne akiogopa polisi, akawa anamkanda na maji ya moto. Tulipompokea harufu ilitangulia mlangoni. Damu ya kuongezea hatukua nayo, tukaita ndugu wajitolee, waliokuja wawili tu maana wengine hawakuambiwa anaumwa nini. Alipona. Kizazi kilitolewa, alikua hajazaa hata mara moja. Yule shangazi alikaa kwenye benchi la nje siku tisa akiniuliza swali hilohilo, "ningemleta ile siku ya pili ingekuaje", na mi jibu nilikua nalo ila sikuweza kumpa. Dawa za kumtibu siku ya pili zilikuwepo kabatini.

Kwahiyo mtu yeyote anayesoma hapa ambaye ameshameza au ameshafanyiwa, au mimba inamtoka bila kufanya kitu, aangalie haya: pedi mbili zinalowa chapachapa ndani ya saa moja na inaendelea hivo saa mbili mfululizo, homa inayozidi siku moja, uchafu wenye harufu, tumbo linalouma hata baada ya dawa za maumivu, kuishiwa nguvu au kuzimia, na lile bega nililosema. Ukiona moja tu usisubiri kukuche. Namba 115 ya m-mama ni bure, inatafuta gari la kumpeleka mjamzito mwenye dharura hata kijijini. Ukifika sema ukweli wa ulichotumia, umemeza nini, lini, au umeingizwa nini, maana matibabu yanategemea hilo, mwenye sumu ya sabuni hatibiwi kama mwenye jeraha.

Turudi kwako. Hatua yako ya kwanza ni kipimo, ya pili ultrasaundi, na katikati yake mtafute mtu mzima mmoja. Umesema mama mdogo huwezi kumwambia kwasababu ana watoto wanne, mi nadhani mwanamke mwenye watoto wanne ndo anayeijua hofu yako kuliko huyo rafiki wa blu, lakini we ndo unamjua. Kama sio yeye basi nesi wa kitengo cha uzazi, omba kuongea naye faragha, ni haki yako na ukimkuta mwenye mdomo omba mwingine. Muulize yote, na hilo la kutoa muulize, ukiwa na ugonjwa wowote mwambie maana hapo ndo daktari anaangalia kama maisha yako yapo hatarini. Mi sikulazimishi kuzaa na wala sikusukumi kwenye kitu kitakachokupeleka mahakamani. Ukiamua kuibeba, anza kliniki kabla ya wiki 12, wajawazito sera inasema huduma ni bure, na huku kwetu malaria na upungufu wa damu havisubiri. Yule dereva kuzima simu hakumfuti ubaba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amhudumie mtoto wake, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri na jina lake, namba ya gari na ghala alilokua anashusha, madereva wa korosho wanajuana wote.

Niandikie ukishapima. Hata kama ni mstari mmoja.

*

Shangazi habari. Mdogo wangu wa kidato cha pili alianza kutoka damu nyingi usiku, kumbe alikua na mimba na alipewa dawa na huyo aliyempa mimba. Tulimpeleka hospitali asubuhi akasafishwa, ila nesi mmoja alimsema vibaya mbele ya wagonjwa mpaka akawa anataka kutoroka. Sasa yuko nyumbani haongei. Je atakuja kuzaa? Na shule ndo basi?
Kaka wa Nachingwea

Kaka, umefanya jambo kubwa kumpeleka. Huyo nesi alikosea, naandika hivo kama nesi, mgonjwa anayevuja damu anatibiwa kwanza na kwa heshima, na mganga mfawidhi wa kituo anatakiwa alisikie hilo, nenda kaseme bila kuogopa.

Atazaa. Mimba kutoka mara moja na kusafishwa vizuri hakuzibi kizazi, kinachoziba mirija ni uchafu na homa iliyoachwa, kwahiyo amalize dawa zote alizopewa hata kama anajisikia mzima na akiwa na homa au harufu mrudishe siku hiyohiyo. Watu wengi hawajui kwamba yai linaweza kutoka tena ndani ya wiki mbili, kabla hata hedhi haijarudi. Arudishwe kwa maongezi ya uzazi wa mpango, sio adhabu na sio ruhusa ya uhuni, ni kinga.

Huyo mwanaume sasa. Mtoto chini ya miaka 18 sheria inaita ubakaji hata kama mtoto alikubali, toka sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Msikubali kumalizana nae kwa mbuzi na gunia za korosho, najua wazee watakuja na hiyo lugha ya "tusichafue ukoo". Chukueni PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nendeni dawati la jinsia la polisi, na 116 ni simu ya mtoto, haina malipo. Shule hajaipoteza, serikali ilitangaza Novemba 2021 wanafunzi waliokatishwa masomo kwa mimba warudi kwenye mfumo rasmi.

Kuhusu kutoongea, usimuulize kwanini. Kaa nae tu, mpikie anachopenda, mwambie wewe hujamkasirikia, alafu umrudie tena kesho na kesho kutwa. Akianza kusema hataki kuishi hiyo ni dharura kama ile damu, mrudishe hospitali.

*

Dada yangu, mi ni somo, mwalimu wa unyago, huku Tandahimba, nawacheza wali kila likizo. Wazazi wengine wanasema nikiwaambia habari za mimba nawafundisha umalaya. Niwaambie nini?
Somo

Somo wangu, unyago wetu umewafundisha wali heshima na usafi wa mwili miaka na miaka, nyimbo zipo za kila kitu, na mimba imo humohumo toka enzi za bibi zetu, hao wazazi wenyewe walichezwa wakaimbiwa. Mwali wa miaka kumi na moja huna haja ya kumwambia kila nilichoandika leo. Mwambie aandike tarehe ya damu yake kila mwezi, hata kwa mkaa nyuma ya mlango. Mwambie mwili wake hauguswi, na akiguswa akuambie wewe hata kama aliyemgusa ni mjomba. Na we mwenyewe jua kwamba aliyebakwa akifikishwa hospitali ndani ya masaa 72 anapata dawa ya kuzuia mimba na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na nguo alizovaa zisifuliwe wala asiogeshwe kabla hajaonwa na daktari, maana najua kitu cha kwanza tunachofanya sisi wanawake wa huku ni kumuogesha.